Acheni kuniuliza ni ipi inayoshusha kilo nyingi

Limerudi tena juma hili: lile jedwali la WhatsApp la operesheni za kupunguza uzito, lenye rangi ya waridi. Slivu, baipasi, mini-baipasi, na mbele ya kila moja idadi ya kilo "zinazoondoka" ndani ya mwaka mmoja. Chini yake swali lilelile: "Dokta, nichukue ipi?" Safari hii limetoka kwa mtu wa mtaa wa Golf. Mara nyingine hutoka Katuba, Ruashi, hata Likasi. Aliyelitunga simjui, ila siku nikimpata nitamnyang'anya simu.

Mimi si mpasuaji. Ni daktari wa magonjwa ya ndani hapa Lubumbashi, Kongo, na wanaokuja kwangu wamekwisha kupasuliwa kwingine: Johannesburg, India, Tunisia, Istanbul. Mpasuaji humwona mgonjwa wakati suruali zinamvuka. Mimi humwona miaka kadhaa baadaye, akija na kiungulia, na damu pungufu, au na kilo zake zilezile alizoziacha ng'ambo. Niseme mapema basi kwamba nina upendeleo: wanaoendelea vizuri hawana sababu ya kupanga foleni kwangu, na huenda ninaona giza kuliko lilivyo.

Operesheni zenyewe nitazipitia haraka, mnazijua. Slivu: mfuko wa chakula unakatwa kwa urefu, 75 hadi 80% unatolewa moja kwa moja, unabaki mrija. Baipasi: kinatengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi, kinaunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kinaruka mfuko uliobaki na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo. Mini-baipasi: wazo hilohilo, lakini utumbo unaunganishwa mara moja badala ya mara mbili. Pete ya kubana mfuko wa chakula: isahau, waliowekewa wengi wameishia kuitoa. Ile kubwa inayoruka sehemu ndefu zaidi ya utumbo hushusha kilo kuliko zote na huleta utapiamlo kuliko zote. Kwa mtu anayeishi huku kwetu sitaijadili.

Tuje kwenye asilimia, maana huko ndiko watu wanakodanganywa, na mara nyingi hata anayedanganya hajui kwamba anadanganya.

Kuna hesabu mbili. Moja inauliza umepoteza asilimia ngapi ya uzito wako wote. Nyingine inauliza umepoteza asilimia ngapi ya uzito wa ziada, yaani zile kilo zinazozidi BMI ya 25 (BMI ni kilo zako ukizigawa kwa urefu wako wa mita mara mbili). Wapasuaji wameizoea hii ya pili tangu zamani, na matangazo yanaipenda kwa sababu inatoa namba nono. Mchukue mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 120. BMI ya 25 kwake ni kilo 64, kwa hiyo ziada yake ni kilo 56. Akipunguza kilo 30, amepoteza 25% ya uzito wote, na karibu 54% ya ziada. Sasa mchukue mdogo wake, urefu uleule, kilo 95. Ziada yake ni kilo 31. Akipunguza kilo 20, amepoteza 21% ya uzito wote, lakini karibu 65% ya ziada. Mdogo mtu amepunguza kilo chache zaidi, tena sehemu ndogo zaidi ya mwili wake, na bado kwenye tangazo ndiye anayepigiwa makofi. Kliniki inayopasua watu wasio wanene sana itaonekana ina mikono ya baraka kuliko ile inayopokea watu wa kilo 160, hata kama wapasuaji wao walisoma darasa moja na wanatumia kisu kimoja.

Kwa hiyo ukiambiwa "slivu yetu inatoa 70%", uliza: 70% ya nini? Mwaka wa ngapi? Na kati ya wote mliowapasua, mliopima uzito wao mwaka huo ni wangapi?

Swali la tatu ndilo linalokera zaidi. Aliyerudisha kilo harudi kliniki. Anaona aibu, na hana hamu ya kupanda mzani mbele ya watu waliompigia makofi. Anayebaki kuhesabiwa ni yule mwembamba mwenye gauni jipya. Matokeo yanapendeza kila mwaka unaopita kwa sababu walioshindwa wamejitoa kimyakimya kwenye hesabu. Ndiyo maana nikitaka kulinganisha slivu na baipasi narudi kwa Wafini. Utafiti wao, SLEEVEPASS, ulipanga kwa kura watu 240, wengine slivu, wengine baipasi, wakapasuliwa kati ya 2008 na 2010. Baada ya miaka 10 walifanikiwa kuwapima 85% ya waliokuwa bado hai. Mtu anayejua kazi ya kumtafuta mgonjwa katika mitaa yetu ya Kenya au Kampemba baada ya kubadilisha namba ya simu mara nne ataelewa kwa nini nawavulia kofia.

Na walikuta nini? Kwa wastani, baada ya miaka 10, slivu ilikuwa imeondoa 43.5% ya uzito wa ziada, baipasi 51.9%. Mnaona, baipasi imeshinda! Ngojeni. Mrudisheni yule mama wa kilo 120. Asilimia hizo kwake ni kilo 24 kwa slivu, kilo 29 kwa baipasi. Vita vyote hivi vya jedwali la waridi, kwa mtu kama yeye, vinapigania kilo 5.

Halafu angalieni kitu ambacho jedwali haliwezi kuonyesha. Katika kundi la slivu, aliyepunguza kidogo kuliko wote alikuwa amepoteza 2.1% ya ziada. Aliyepunguza zaidi, 109.2%. Kundi la baipasi: kutoka 1.7% hadi 111.7%. Someni tena. Tofauti kati ya wagonjwa wawili wa operesheni moja inaimeza kabisa tofauti kati ya operesheni mbili. Ukiniuliza kabla ya kupasuliwa wewe utakuwa wa 2% au wa 109%, sina jibu, na anayekwambia analo anataka hela yako. Tunajua mambo machache yanayosogeza upande huu au ule. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yangu hayatoshi kutabiri.

Kuchagua operesheni kwa kilo za mwaka wa kwanza ni kama kuchagua basi la Kolwezi kwa kuangalia lipi limetoka stendi kwa mbio. Wasweden walioanza utafiti wao mwaka 1987 waliwafuata watu kwa miongo. Waliopata baipasi walifika kilele cha kupungua kwa 32% ya uzito wote kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa 10 walikuwa kwenye 25%. Pete ilianza na 20%, ikaishia 14%. Kila operesheni hurudisha kitu. Hilo si uzembe wa mgonjwa, mwili unapigania uzito wake wa zamani, na sipendi kabisa namna watu wa familia wanavyomsimanga dada yao kwa kilo sita zilizorudi. Hao Wasweden pia walionyesha jambo ambalo picha za kabla na baada hazionyeshi: waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa. Nani hutuma hilo WhatsApp?

Sasa kiungulia. Hapa operesheni zinatofautiana kweli, na hapa hakuna anayeniuliza.

Slivu inageuza mfuko wa chakula kuwa mrija mwembamba wenye presha kubwa ndani. Tindikali inatafuta njia, na njia iliyo karibu ni juu. Kwa Wafini, baada ya miaka 10, umio ulikuwa na michubuko ya tindikali kwa 31% ya watu wa slivu, dhidi ya 7% wa baipasi. Waswisi nao walifanya utafiti kama huo, wakaangalia waliokuwa na kiungulia tangu kabla ya kupasuliwa: miaka 5 baadaye kilikuwa kimezidi kwa 31.8% ya waliofanyiwa slivu, na 6.3% ya waliofanyiwa baipasi. Hizi si tofauti za kilo 5. Mtu anayelala na mito mitatu, anayeamka saa nane za usiku na uchungu kooni, anayemeza omeprazoli kila asubuhi tangu enzi, halafu anapelekwa slivu kwa sababu "ni nyepesi": huyo nitamwona tena, na wakati huo atakuwa anauliza bei ya kuigeuza slivu kuwa baipasi.

Neno "nyepesi" ndilo linalonitoa moshi. Kwa mpasuaji, ndiyo, slivu ni fupi, haina kazi ya kuunganisha utumbo. Lakini mgonjwa anasikia kwamba haina masharti. Anatupa vitamini mwezi wa nne. Mfuko wake umepungua robo tatu, anakula vijiko sita vya bukari (ugali) na kipande cha samaki tomsoni, halafu anadhani madini ya chuma yatatoka wapi? Hata idadi ya kurudi chumba cha upasuaji haikutofautiana sana kwa Wafini ndani ya miaka 10: 15.7% slivu, 18.5% baipasi. Sababu ndizo zilizotofautiana. Slivu hurudi hasa kwa ajili ya kiungulia. Baipasi hurudi hasa kwa ngiri ya ndani, yaani utumbo unapenya kwenye mwanya ulioachwa na ule mpangilio mpya na kujinyonga.

Hiyo ngiri ya ndani naiogopa kuliko jambo lolote lingine la baipasi, kwa sababu ya mahali tulipo. Inaweza kuja miaka mingi baadaye, mtu akiwa amesahau kwamba aliwahi kupasuliwa. Tumbo linakata baada ya kula, linatulia, linakata tena. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonekana safi. Mgonjwa anapewa dawa ya minyoo, dawa ya amiba, anaambiwa ni malaria ya tumbo. Kinachotakiwa ni skana na mpasuaji anayejua anachotafuta, tena upesi. Kwa mwanamke mjamzito mwenye baipasi, maumivu ya tumbo ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mjini utapata skana. Ukiishi Kasenga au Pweto, hesabu barabara kwanza.

Jambo la pili la baipasi ni diklofenaki. Nani hapa hamezi diklofenaki? Goti likiuma, diklofenaki. Mgongo, ibuprofeni. Farmasi ya kona inakupa bila swali, ukikosa chenji wanakurudishia kidonge. Pale kifuko kinapoungana na utumbo hutokea vidonda, na dawa hizi pamoja na sigara ndizo mbolea yake. Vinavuja damu, vinaweza kutoboka. Na wanaopasuliwa wengi ndio haohao wenye magoti mabovu! Nikimwona mama wa kilo 130 mwenye magoti yaliyokwisha, ambaye hawezi kuishi bila vidonge vyake, nasita kumsukumia baipasi, hata jedwali liseme nini. Kuna wenzangu watakaosema asimamishe vidonge, basi. Wao hawajawahi kumwona akipanda ngazi za soko. Bakteria wa mfuko wa chakula nao, wale wa vidonda, ni wengi hapa: wapimwe na kutibiwa kabla, kwa operesheni zote. Baada ya baipasi, sehemu ya mfuko iliyoachwa pembeni haifikiwi tena na kamera ya kawaida ya endoskopi.

Sasa jambo ambalo ningeliandika ukutani kwa rangi nyekundu katika kila kituo cha afya. Mtu aliyepasuliwa, operesheni yoyote, slivu ikiwemo, akitapika kwa wiki mbili au tatu anaweza kuishiwa vitamini B1. Akiba ya mwili ni ya wiki chache tu. Anapelekwa kituoni, amelegea, wanamtundikia serumu ya glukosi. Ni upendo, lakini glukosi inachoma B1 kidogo iliyobaki, na ubongo ndio unaolipa: macho yanacheza, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Watu wanasema amerogwa ng'ambo. B1 itangulie au iende pamoja na glukosi, kwa sindano, siyo kidonge kwa mtu anayetapika. Ni dawa ya bei ndogo. Sijui kwa nini nalazimika kuirudia hivi.

B12 na chuma: watu wa baipasi ndio wanaoathirika zaidi, kwa sababu chakula kinaruka pale chuma kinapofyonzwa na kinakutana na tindikali kidogo mno. Sindano ya B12 kwa ratiba, maisha yote. Sombe (kisamvu) na lengalenga (mchicha) ni vizuri, lakini havitachukua nafasi yake. Wanawake wanaopata hedhi wapimwe damu mara kwa mara. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Na kumbukeni kwamba kupungua uzito huamsha uzazi uliokuwa umelala, wakati vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe ipasavyo baada ya baipasi. Mnaelewa ninachosema. Pombe inapanda haraka sana baada ya baipasi, chupa moja ya bia ya Simba inafanya kazi ya zamani ya mbili au tatu, na hatari ya kuwa mtumwa wake huongezeka. Mtu mwenye historia ya pombe aseme kabla, hata kama mkwe wake yuko chumbani.

Mini-baipasi nimeiacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayouzwa sana siku hizi. Kwa uzito haiko nyuma ya baipasi ya kawaida: Wafaransa walizilinganisha kwa miaka 2, wakachapisha mwaka 2019, na kwa kilo zilikwenda sambamba. Lakini walikuwa wameruka sentimita 200 za utumbo, na matatizo ya lishe yalikuwa mengi zaidi upande wa mini. Hiyo "mini" inahusu kazi ya mpasuaji. Utumbo wako haukupunguziwa chochote.

Kisukari. Baipasi ina sifa ya kukifuta, na sifa hiyo si ya bure. Lakini Wamarekani waliofuata wagonjwa wao miaka 5 walikuta waliofikisha kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwenye 6% au chini ni 29% kwa baipasi, 23% kwa slivu, na 5% kwa dawa peke yake. Maana yake ni kwamba operesheni zote mbili zinaziacha mbali dawa za wakati huo, na pia kwamba wengi hawakufika pale. Umri wa kisukari chako una uzito kuliko jina la operesheni. Cha miaka mitatu kinachotibiwa kwa vidonge kina nafasi nzuri. Cha miaka 15 chenye insulini, punguza matarajio. Kwa shinikizo la damu Wafini waliona tofauti iliyo wazi zaidi: baada ya miaka 10 walioachana na ugonjwa huo walikuwa 8% kwa slivu na 24% kwa baipasi. Hilo nalipa uzito, kwa sababu tansyo, yaani shinikizo hilo, ndiyo inayonijazia wodi.

Mkiniuliza kwa nini baipasi inafanya kazi, nitawaambia nilivyofundishwa: moja inabana, nyingine inazuia kufyonza. Vitabu vingine bado vinarudia hivyo. Maelezo hayo hayatoshi. Baipasi ya kawaida haipotezi kalori nyingi kwenye choo. Homoni za utumbo zinabadilika, nyongo inapita kwingine, njaa yenyewe inabadilika, na hakuna aliyelifunga suala hili. Nina shaka nyingine pia: Wafini na Waswisi walipasuliwa mahali ambapo vipimo vya damu havisubiri mshahara. Kilo zao naamini zinatuhusu. Matatizo yao nadhani ni pungufu ya yale tutakayoyaona sisi, na bado naendelea kuzitumia namba zao kwa sababu sina bora.

Kwa hiyo, mtu wa Golf, jibu lako. Ukiwa na kiungulia kikali, slivu hapana. Ukiwa na tansyo na kisukari kichanga, unaishi mjini, vitamini unaweza kununua kila mwezi na diklofenaki unaweza kuiacha, baipasi ina hoja nzito. Ukiwa huna kiungulia, magoti yako hayaishi bila vidonge na nyumba yako iko mbali na skana, slivu inaeleweka, pamoja na zile kilo 5 utakazoziacha mezani. Baada ya hapo tafuta mpasuaji anayefanya mara nyingi ile uliyochagua, usimlazimishe afanye ile ya jedwali.

Na kabla ya kupanda ndege kurudi, dai protokoli ya operesheni, yaani ripoti ya mpasuaji: aina gani, sentimita ngapi za utumbo zimerukwa, ile mianya imefungwa au la. Kwa Kifaransa au Kiingereza. Ninazo droo nzima za karatasi nzuri za Kituruki, zenye picha ya kliniki na bahari nyuma yake, na ile namba ya WhatsApp iliyokuwa ikijibu usiku wa manane kabla hujalipa, sasa hivi ina tiki moja.